Nikotini na pingili za mgongo: cha kufanya kabla na baada ya upasuaji

Katika upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo, skrubu na vyuma anavyofunga daktari haviungi mfupa. Kazi yake ni kama mirunda chini ya zege, kushikilia tu hadi zege likomae. Kinachounga ni vipande vya mfupa, mara nyingi vilivyochotwa nyongani, vinavyopandikizwa kati ya pingili. Vipande hivyo havina damu yake. Vinasubiri mishipa midogo iote na kuvifikia. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku huibana mishipa hiyo na kudhoofisha seli zinazojenga mfupa. Moshi nao huleta kaboni monoksidi, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mfupa usipounga, chuma hubeba mzigo peke yake mpaka skrubu zilegee au zikatike, na pengine upasuliwe tena. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1986, mfupa haukuunga kwa wavutaji 40 kati ya 100. Kwa wasiovuta, 8.

Acha angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na usiguse kwa miezi 6 baadaye, kwani kuunga huchukua miezi 6 hadi 12. Kuacha ni pamoja na shisha, sigara za kielektroniki, ugoro na tumbaku ya kwenye tambuu. Aliyetoka kwenye sigara akaingia kwenye ugoro amehama tu.

Bandiko na chingamu za nikotini zina madhara machache kuliko moshi, lakini bado ni nikotini: kubaliana na daktari wa upasuaji kwanza. Varenikilini, dawa ya kusaidia kuacha tumbaku, haina nikotini. Huandikwa na daktari, na kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha.

Usimdanganye daktari kwamba umeacha. Nikotini yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, ila kotinini inayotokana nayo hubaki siku kadhaa na huonekana kwenye mkojo. Kuruka sigara ya asubuhi ya kipimo hakusaidii.

Siku 3 za kwanza ndizo ngumu. Hamu ikija hudumu dakika chache: kunywa maji, tembea polepole bila kuinama wala kujipinda. Ukiteleza ukavuta moja, acha tena siku hiyohiyo.

Usijinunulie diklofenaki ya maumivu duka la dawa. Nayo yaweza kuchelewesha mfupa. Maumivu yaliyokwisha yakirudi baada ya miezi, omba picha ya mgongo. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma, nenda hospitali saa hiyohiyo.