Jinsi ya kujipaka uso wa chale wa sarakasi

Kabla ya kushika rangi, amua wewe ni chale gani. Yuko chale mweupe, aliyepakwa nyeupe usoni hadi shingoni. Huyo ndiye mjuaji, mtoa amri. Yuko mzururaji, mwenye kidevu cha kijivu kama hajanyoa siku kadhaa. Na yuko augusti, yule anayeharibu kila kitu: uso wake ni wa rangi ya waridi au hudhurungi, nyeupe ikizunguka macho na mdomo tu. Hapa tunamshughulikia augusti, maana ndiye anayewashinda wengi.

Tumia rangi ya mafuta. Ya maji huchuruzika mara jasho likitoka. Ijaribu kwanza ndani ya kiwiko siku moja kabla.

Nawa, nyoa, jikaushe. Anza na nyeupe: juu ya macho hadi katikati ya paji, kisha kuzunguka mdomo hadi kidevuni. Paka nyembamba, kwani tabaka nene hupasuka ukicheka. Fuatisha rangi ya uso mpaka ikutane na nyeupe. Sasa gongagonga kwa ncha za vidole, usisugue, hadi alama za vidole zipotee.

Kinachofuata ni poda, na hapa ndipo wanaoanza huharakisha. Mimina poda kwenye soksi safi, ifunge, ipigepige usoni huku umefumba macho na kubana pumzi. Subiri dakika moja au mbili, kisha pangusa kwa brashi laini. Ukiruka hatua hii, wino mweusi wa nyusi utaingia kwenye nyeupe, ubaki na madoa ya kijivu.

Nyekundu na nyeusi huja mwisho. Mdomoni paka wa chini peke yake. Ukipaka yote miwili, kwa mbali utaonekana umeachama muda wote, na tabasamu halisomeki. Ncha ya pua iache bila rangi wala poda, la sivyo gundi ya pua nyekundu haitashika. Rudi nyuma mita tatu ujitazame kiooni: usichokiona hapo, futa.

Usiige uso wa chale mwingine. Uingereza, tangu 1946, nyuso hizo huchorwa kwenye mayai ili ijulikane upi ni wa nani.

Kujisafisha, anza na mafuta ya watoto na kitambaa, ndipo sabuni. Maji yakitangulia, rangi husambaa tu.