Somo: Kupika maharage kwa presha kuka ya umeme, tangu kuchambua hadi kuunga

Wengi wanaonunua presha kuka ya umeme huijaribu kwanza kwa wali, na wali ukishaharibika mara moja au mbili, chombo hurudishwa ndani ya boksi lake na kupandishwa juu ya kabati. Nashauri uanze na maharage. Wali huiva upesi kwenye jiko lolote, kwa hiyo hakuna kikubwa utakachookoa, ilhali maharage makavu hukaa motoni saa mbili hadi tatu, na ndiyo yanayomaliza mkaa katika nyumba nyingi za Tanzania. Mwaka 2024 ulipozinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, wengi wetu tulifikiria mtungi wa gesi peke yake. Kwa chakula kinachochemka muda mrefu, naamini kwa dhati kwamba presha kuka ya umeme inaushinda mtungi huo.

Kwanza tuelewe kinachofanyika ndani. Katika sufuria ya kawaida maji yanayochemka hayazidi nyuzi joto 100, hata uchochee moto namna gani. Moto unaozidi huishia kugeuza maji kuwa mvuke unaopotea hewani. Mfuniko ukifungwa ukaziba kabisa, mvuke hukosa pa kutokea, presha hupanda, na maji hufikia nyuzi 115 hadi 120 hivi. Nyuzi hizo chache za ziada ndizo zinazopunguza saa kuwa dakika. Kanuni yenyewe ni ya zamani: Mfaransa Denis Papin alionyesha chombo cha namna hii mjini London mwaka 1679, na ndiye anayehesabiwa kubuni vali ya usalama. Kilichoongezwa na umeme ni kipimajoto kinachokata moto presha inapotimia na kuurudisha inapopungua, ndiyo maana huna haja ya kusimama karibu kuhesabu miluzi.

Hatua ya kwanza: kuchambua na kuloweka. Chambua vikombe 2 vya maharage kwenye ungo, ondoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, osha, kisha loweka kwa saa 6 hadi 8 katika maji mengi. Kulowekwa hupunguza muda wa kupika karibu nusu, na maji yale ukiyamwaga, sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni huondoka nayo. Uliza pia umri wa maharage unaponunua. Maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima katika joto na unyevu hugoma kulainika hata yakilowekwa usiku kucha, na hapo lawama hubebeshwa chombo bure.

Hatua ya pili: kukagua mfuniko. Hatua hii huchukua nusu dakika, nami sikubali irukwe hata siku moja. Geuza mfuniko, hakikisha mpira umekaa ndani ya mfereji wake pande zote, na kwamba hakuna ganda la maharage wala punje ya wali iliyonasa kwenye tundu la vali ya mvuke. Sukuma kwa kidole kile kipini kidogo cha chuma kilicho kando ya vali. Kinapaswa kupanda na kushuka bila kukwama, kwa sababu ndicho kinachofunga mfuniko presha inapokuwa ndani na kuuachia inapokwisha. Futa pia mgongo wa sufuria ya ndani uwe mkavu kabla ya kuiweka, kwani maji yakidondoka kwenye sahani ya moto yatafupisha maisha yake.

Hatua ya tatu: maji. Mimina maharage yaliyolowekwa, ongeza vikombe 4 vya maji safi, kijiko kimoja cha mafuta ili kupunguza povu, na chumvi kidogo ukipenda. Chumvi haigandishi maharage kama inavyosemwa. Kinachoyafanya yawe magumu ni uchachu, kwa hiyo nyanya, ndimu na ukwaju visubiri hadi yaive. Kwa chakula kinachotoa povu au kuvimba, usivuke nusu ya sufuria. Kwa vyakula vingine mpaka ni theluthi mbili. Kima cha chini nacho ni muhimu: karibu kila presha kuka inahitaji walau kikombe kimoja hadi kimoja na nusu cha maji ili ipate mvuke wa kutosha.

Hatua ya nne: kufunga na kuwasha. Zungusha mfuniko mpaka ujifunge, weka vali upande wa kuziba, kisha chagua dakika 15 kwa maharage mekundu makubwa au dakika 12 kwa ya njano, ambayo huiva mapema. Ambayo hayakulowekwa yape maji vikombe 6 na dakika 35 hadi 40. Usishangae saa isipoanza kuhesabu mara moja. Kwa dakika 10 hadi 15 za mwanzo chombo kinachemsha tu. Utaona mvuke mwembamba ukivuja pembeni mwa kipini, kipini kitatetemeka, kisha kitaruka juu na uvujaji utakoma ghafla. Kuanzia hapo ndipo dakika zako zinahesabiwa. Kiweke mbali na ukingo wa meza na mahali ambapo mvuke hautapiga kabati, wala usikifunike kwa kitambaa.

Hatua ya tano: kusubiri. Saa ikiisha, usiguse vali. Acha presha ishuke yenyewe kwa dakika 15 hadi 20, mpaka kipini kizame. Maharage yakifunguliwa kwa nguvu, mchuzi huchemka ghafla ndani, maganda hupasuka, na povu la wanga huruka kupitia vali hadi ukutani. Juu ya hayo, zile dakika za kutulia ni sehemu ya kuiva. Kutoa mvuke upesi kunafaa kwa mboga za majani na kwa viazi, na hata hapo tumia mpini wa mwiko, uso na mkono ukiwa mbali.

Hatua ya sita: kupima kuiva na kuunga. Chota maharage machache kwa kijiko uyapulizie: ganda likijikunja na kuanza kuchanika, yameiva. Punje ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada; inapaswa kulainika mpaka katikati, pasipo kiini kigumu cheupe. Kama bado, rudisha mfuniko kwa dakika 5. Yakiiva, yaondoe kwenye sufuria, bonyeza kitufe cha kukaanga, weka mafuta, vitunguu, kitunguu saumu, nyanya na pilipili hoho, kaanga mpaka mafuta yajitenge, kisha rudisha maharage na uyaache yachemke wazi bila mfuniko. Tui zito la nazi linaingia mwisho kabisa, na usiache kukoroga. Ukilitia mwanzoni na kufunga, litakatika, na sehemu yake itashika chini ya sufuria mpaka chombo kijizime kwa kuhisi chakula kinaungua.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mbeya: Shikamoo mama. Dada yangu yuko Dar es Salaam na anapika kwa dakika 15, lakini mimi kwa dakika hizo hizo napata maharage yenye kiini kigumu. Je, chombo changu ni kibovu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Chombo chako huenda ni kizima kabisa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji katika sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Presha ya chombo hujumlishwa juu ya presha ya hewa ya mahali ulipo, kwa hiyo joto la ndani nalo linakuwa chini kidogo kuliko la pwani. Kanuni inayotumika ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600. Kwako wewe dakika 15 zinakuwa 18. Wa Njombe na Makete waongeze zaidi kidogo.

Swali: Niko daraja la D1 la TANESCO, lile la wateja wanaotumia umeme kidogo. Naogopa nikianza kupikia umeme nitavuka uniti 75 za mwezi.

Jibu: Hofu yako ni ya haki, kwa kuwa uniti zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu. Pima kabla ya kuamua. Chombo cha wati 1,000 kikichemsha dakika 15 mfululizo kinakula robo ya uniti, na baada ya hapo kinawaka na kuzima kwa vipindi vifupi tu, hivyo sufuria moja ya maharage kwa kawaida haifiki nusu uniti. Ukipika sufuria moja kila siku, haivuki uniti 15 kwa mwezi. Soma namba kwenye mita ya LUKU kabla na baada ya kupika, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, nawe utapata hesabu ya nyumba yako mwenyewe.

Swali: Umeme ukikatika katikati, nifungue niyahamishie kwenye mkaa?

Jibu: Usifungue kwa nguvu. Joto lililomo litaendelea kuyapika kwa muda, na mfuniko hautaachia mpaka kipini kishuke. Umeme ukirudi mapema, weka dakika zilizobaki, kwani baadhi ya vyombo havikumbuki vilipoishia. Usiporudi, subiri kipini kizame ndipo uhamishe. Yasikae yakipoa zaidi ya saa 2 bila kuchemshwa upya, na yakiwa hayajaiva mtu asiyaonje: maharage mekundu yaliyopikwa nusu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na huondolewa tu na kuchemka barabara.

Swali, kutoka Dodoma: Maji yetu ya kisima ni magumu, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Tumezoea kutia magadi. Je, bado yanahitajika?

Jibu: Kwa maji ya kawaida hayahitajiki, na sipendi yatumike, kwa sababu huharibu vitamini B1 na kuyapa maharage ladha ya sabuni. Kwa maji kama yenu, madini ya chokaa hukaza ganda, kwa hiyo ncha ya kijiko cha chai wakati wa kuloweka inatosha. Mwaga maji hayo kisha suuza. Ukiweza kupata maji ya mvua ya kupikia, acha magadi kabisa.

Swali: Mama mkwe anasema maharage ya presha hayana utamu wa yale ya chungu. Ni kweli?

Jibu: Ana hoja, na umheshimu kwayo. Ndani ya chombo kilichozibwa mchuzi haupungui, kwa hiyo maharage hutoka yakiwa yameiva lakini mchuzi ni mwepesi kama maji. Usikimbilie mezani. Ponda kijiko kimoja au viwili vya maharage, rudishia, kisha acha yachemke wazi kwa dakika 10 hadi yashikane. Mpelekee hayo, halafu umsikilize tena.

Swali, kutoka Tanga: Na makande? Kila nikipika, maharage yanapondeka na mahindi yanabaki magumu.

Jibu: Yanatofautiana muda, yasianze pamoja. Loweka mahindi yaliyokobolewa usiku kucha katika chombo chake, uyapike peke yake kwa dakika 25, uache presha ishuke, ndipo utie maharage yaliyolowekwa na dakika nyingine 15. Angalia kima cha maji kabla ya kufunga mara ya pili, kwa maana mahindi hunywa maji mengi.

Swali: Mpira wa mfuniko umeshika harufu ya pilau na sasa hata uji unanukia bizari. Nifanyeje?

Jibu: Uvue kila unapoosha, usugue kwa maji ya moto, sabuni na ndimu, uuanike ukauke, na uhifadhi mfuniko ukiwa umegeuzwa juu ya sufuria badala ya kufungwa. Harufu iliyozama sana haitoki yote. Nunua mpira wa pili wa ukubwa uleule, mmoja uwe wa nyama na viungo, mwingine wa uji na vitamu. Ukiona umelegea, umepasuka au mvuke unavuja pembeni, ubadilishe kabla ya kupika tena.