Jinsi ya kutumia "deliberately" bila kugeuza maana

Mimi ni mtafsiri, na neno la Kiingereza ninalolisahihisha mara kwa mara kwenye kazi za vijana ni deliberately. Kamusi inasema "makusudi", na wengi huishia hapo.

Hatua ya 1: Litamke. Mkazo uko silabi ya pili: di-LI-ba-rat-li. Ukisema "reit" umeingia kwenye kitenzi deliberate, yaani kujadili jambo kwa kina.

Hatua ya 2: Chagua maana. Ziko mbili. She deliberately spilled the tea: alimwaga chai makusudi. She poured the tea slowly and deliberately: aliimimina taratibu, kwa uangalifu. Asili ni Kilatini deliberare, kulipima jambo vizuri, ndiyo maana neno moja limebeba yote mawili. Ukiliona limeandamana na slowly, sahau makusudi.

Hatua ya 3: Angalia not iko wapi. Hapa tulia. Sisi tukisema "hakujibu makusudi", muktadha ndio unaotuelewesha. Kiingereza kinategemea nafasi ya neno. He deliberately did not answer: aliamua kunyamaza. He did not deliberately break the cup: kikombe kimevunjika, lakini hakudhamiria.

Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba radhi kazini. Ameandika: I deliberately did not attend the meeting. Alitaka kusema hakukosa kikao kwa makusudi. Alichoandika ni kwamba aliamua kutokwenda. Amekiri kosa kwa mkono wake mwenyewe! Tukaandika: I did not miss the meeting deliberately. Barua ikasimama.

Hatua ya 4: Pima uzito. Neno hili mara nyingi huja na lawama. Ukiandika I deliberately helped my neighbour, msomaji atahisi kuna jambo nyuma yake. Kwa tendo jema, aghalabu hakuna haja ya neno lolote. Kwa mazungumzo ya nyumbani tumia on purpose. Kwenye mikataba, intentionally. Na purposefully si purposely: la kwanza ni kutenda kama mtu anayejua aendako, la pili ndilo makusudi.

Hatua ya 5: Ukirudisha kwa Kiswahili, andika "makusudi" au "kwa kudhamiria". "Kusudi" peke yake huweza kusomeka kama "ili": alifunga mlango kusudi mtoto asitoke.