Nyutroni ya 127: kusoma kiini cha risasi kwa mmenyuko wa (d,p), hatua kwa hatua

Ukitaka kujua nyutroni hukaa wapi ndani ya kiini kizito, kiongezee nyutroni moja uone itaingia chumba gani. Deuteroni ni protoni na nyutroni zilizoshikana kwa MeV 2.22 tu (MeV ni kipimo cha nishati; keV 1000 ni MeV 1). Ikipita karibu na kiini, nyutroni hubaki na protoni huendelea na safari; ndiyo maana mmenyuko huu huandikwa (d,p): deuteroni huingia, protoni hutoka. Protoni hiyo ndiyo shahidi wetu: nishati yake hutuambia nyutroni imeingia ngazi gani.

Anza na risasi-208. Ina protoni 82 na nyutroni 126, maganda yote mawili yamejaa, kwa hiyo nyutroni ya 127 huingia kwenye ganda tupu na majibu yake husomeka vizuri.

1. Tengeneza shabaha. Risasi ya kawaida haifai, maana ni asilimia 52 tu iliyo risasi-208. Tafuta iliyorutubishwa, uitandaze kwa mvuke juu ya utando mwembamba wa kaboni, kama mikrogramu 100 kwa sentimita ya mraba. Ikiwa nene, vilele vya protoni kwenye grafu ya nishati (kila ngazi na kilele chake) vitavimba.

2. Chagua nishati. Kizuizi cha umeme kati ya deuteroni na risasi ni takriban MeV 12. Mimi hupenda MeV 20: nyutroni huhama kwa wingi wa kutosha, na umbo la pembe, yaani jinsi idadi ya protoni inavyobadilika na pembe, hubaki wazi.

3. Pima protoni kwa spektromita ya sumaku, kifaa kinachozitenganisha kwa nishati. Ngazi mbili za risasi-209, keV 2491 na keV 2538, zimeachana kwa keV 47 tu. Kigunduzi cha silikoni peke yake kitazichanganya kwa urahisi. Afrika tunayo spektromita kubwa ya sumaku, K600 ya maabara ya iThemba LABS karibu na Cape Town.

4. Pima kwenye pembe nyingi. Hapa usiharakishe. Shabaha yako ina kaboni, na karibu kila mara ina oksijeni pia. Oksijeni-16 ikipokea nyutroni hutoa MeV 1.92, risasi-208 hutoa MeV 1.71. Kwa deuteroni za MeV 20, kwenye nyuzi 10 vilele hivyo viwili hulaliana kabisa, na utadhani ngazi ya chini ya risasi imepata nguvu kuliko ilivyo. Sogea hadi nyuzi 40: kiini chepesi cha oksijeni hurushwa nyuma kwa nguvu, kwa hiyo protoni yake hupoteza karibu MeV 0.75 zaidi, ilhali ile ya risasi hupoteza chini ya MeV 0.1. Sasa kilele cha oksijeni kimehamia karibu na ngazi ya keV 779, na kinaweza kuiharibu hiyo nayo. Niliwahi kubeba kilele cha namna hiyo wiki nzima kama ngazi mpya, kwa kuwa nilikuwa na pembe mbili tu zilizokaribiana. Tangu siku hiyo sikubali kilele ambacho hakijafuatwa kwenye pembe zisizopungua tano.

5. Soma umbo. Chora uwezekano wa mmenyuko dhidi ya pembe. Kadiri momenta ya pembe *l* (kiasi cha mzunguko) ambayo nyutroni imekuja nayo inavyokuwa kubwa, ndivyo kilele cha kwanza cha mchoro huo kinavyosogea kwenye pembe kubwa zaidi. Katika majina ya ngazi, herufi huonyesha *l* na sehemu huonyesha momenta ya pembe jumla, pamoja na spini (mzunguko wa ndani) ya nyutroni. Ngazi ya chini, g9/2, ina *l* = 4; ile ya keV 2032, s1/2, ina *l* = 0. Ngazi ya keV 1423, j15/2, yenye *l* = 7, hufifia kwenye (d,p). Rudia jaribio kwa chembe za alfa, ambazo huacha nyutroni moja na kutoka kama heli-3: mmenyuko huo hudai MeV 16.6, na hupendelea *l* kubwa. Kutenganisha d5/2 na d3/2, ambazo zote ni *l* = 2, kunahitaji deuteroni ambazo spini zake zimeelekezwa upande mmoja.

6. Linganisha na hesabu. Endesha programu ya kukokotoa mimenyuko ya nyuklia, kama FRESCO, kisha gawanya kipimo chako kwa matokeo yake. Kwa g9/2 utapata namba iliyo karibu na 1, yaani nyutroni iko peke yake juu ya kiini kilichofungwa. Rudia hesabu kwa seti mbili tofauti za vigezo vya mtawanyiko, yaani namba zinazoeleza jinsi kiini kinavyotawanya chembe. Namba ikibadilika sana, toa uwiano kati ya ngazi badala ya thamani kamili.

Kwa viini visivyodumu, geuza mpango: kiini kizito ndicho kirushwe, na shabaha iwe plastiki yenye deuteri, yaani hidrojeni nzito ambayo kiini chake ni deuteroni. Ndivyo bati-132 ilivyopimwa kwenye maabara ya Oak Ridge, Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Hapo protoni muhimu hurudi nyuma, kwa hiyo vigunduzi uviweke kabla ya shabaha, upande ambako mkondo wa chembe unakuja.