Namna ya kuandika kuzidisha katika programu za hisabati

Anayeanza kutumia programu ya hisabati hushangaa kuona kwamba amechapa 3*x*y, lakini skrini inamwonyesha 3xy bila alama yoyote katikati. Si kosa. Programu nyingi huipokea alama ya kuzidisha kwa sura moja na kuionyesha kwa sura nyingine, na makosa mengi huzaliwa mtu anapodhani kwamba anachokiona ndicho anachopaswa kuchapa.

Kwa hiyo, unapochapa, weka kinyota (*) kila mahali penye kuzidisha, hata pale ambapo programu haikulazimishi. Katika lugha ya programu ya Python, 2(x+1) huleta kosa, kwa sababu mabano yanayofuata namba husomwa kama wito wa kitendakazi (function). Mathematica, programu ya hisabati, ni mpole zaidi: nafasi tupu kati ya x na y inatosha kuzidisha. Upole huo una hatari yake, kwani xy bila nafasi si x mara y, bali ni kigeu kimoja chenye jina la herufi mbili, na jicho halitambui tofauti hiyo kwa urahisi. Ukiwa na shaka, ipe x thamani ya 2 na y thamani ya 3: jibu likiwa 6, kuzidisha kumesomwa, xy ikibaki ilivyo, hakukusomwa.

Jihadhari hasa na mgawanyo. Ukiandika 1/2x huku x ikiwa 4, Mathematica hukupa 2, kwa kuwa huanza na 1/2, ilhali lugha ya programu ya Julia hukupa 0.125, kwa kuwa huiunganisha 2x kwanza. Hakuna ujumbe wa kosa utakaokuamsha. Andika 1/(2*x), na shaka itaondoka katika programu zote mbili.

Kwenye matriksi, yaani majedwali ya namba, kinyota chenyewe hubadilika maana. Katika programu ya MATLAB, A*B ni kuzidisha matriksi, na A.*B ni kuzidisha kila kipengele kwa mwenzake. Katika safu za NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za namba, A*B ndiyo ya kipengele kwa kipengele, na matriksi huzidishwa kwa alama ya @, iliyoingia Python 3.5 mwaka 2015.

Katika kuonyesha, chagua kwa kumfikiria msomaji. Mwanahisabati William Oughtred alitumia alama ya × katika kitabu chake cha mwaka 1631, na mwaka 1698 mwanahisabati Leibniz alilalamika kwamba inafanana mno na herufi x, akapendelea nukta. Lalamiko hilo naliona bado lina uzito: palipo na x, tumia nukta ya katikati au usiweke alama; kati ya namba mbili, alama ni ya lazima, la sivyo 2 mara 3 itasomeka 23. Katika LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi ya hisabati, \times hutoa × na \cdot hutoa nukta. Usichape herufi x badala yake. SymPy, maktaba ya Python ya aljebra, hukuruhusu kuchagua kwa kuandika latex(expr, mul_symbol='dot'), ambapo expr ni usemi wako, na programu ya Maxima huonyesha vinyota ukiiamuru stardisp:true.

Unapoandaa ukurasa wa tovuti kwa MathML, lugha ya kuandikia hisabati kwenye tovuti, weka kati ya herufi zinazozidishana alama ya Unicode U+2062. Haionekani, lakini huiambia programu inayomsomea asiyeona kwamba hapo pana kuzidisha.