Shamba limegeuka kichaka chini ya miti? Usianze na slasha

Plot ya nyuma ya nyumba yetu hapa Luanda, Vihiga, ilikaa kama miaka sita hivi bila mtu kuigusa, na wewe unajua mvua ya huku, miaka sita ukirudi si shamba tena. Kulikuwa na avokado mbili, mwembe mmoja mkubwa, lusiola kwa mpaka na mikaratusi minne ambayo marehemu babu alipanda akisema ni ya kuuza nguzo za stima. Chini yake lantana imepita kichwa, blackjack, na sangari, ile nyasi ya mizizi mirefu wengine hapa wanaita lumbugu.

Kosa langu nikalifanya Aprili. Nikaita vijana wawili na slasha, siku mbili plot ikawa safi kama uwanja wa shule, nikapiga picha nikatuma kwa grupu ya familia. Mama jirani akapita na debe lake la maji akaangalia akaniambia, "Mwanangu, hiyo umeinyoa tu, hujaing'oa." Mwezi haukuisha, sangari ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Na sababu ni hii: ile lantana ilikuwa inaizibia jua. Nilipoiondoa yote kwa mkupuo, jua likaingia, mvua nayo iko, nani alifaidi? Si mimi.

Kwa hivyo fungua mwanga kwa kile kipande tu uko tayari kupanda. Mimi nilirudi nikagawa plot vipande vitatu na nikaanza na kimoja, Januari, wakati wa kiangazi, ndio mizizi ukiing'oa ikauke juu ya ardhi badala ya kuchipuka tena.

Kabla ya kukata kitu chochote angalia jua linaingia wapi. Weka vijiti mahali jua linagusa saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni. Lakini sisi tuko karibu kabisa na ikweta, hapo Maseno tu, na jua letu halikai upande mmoja: Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, sasa mahali palipo na kivuli cha mwembe Desemba panaweza kuwa peupe Juni. Usiamini vijiti vya siku moja.

Lantana sasa. Vaa gambuti na glavu, na kwanza piga piga kichaka na fimbo ndefu ukingoja kidogo, nyoka apate nafasi ya kuenda zake. Kata matawi na panga, acha kisiki cha urefu wa goti ndio upate pa kushikia, halafu chimba ung'oe na mizizi yake. Ukikata tu chini inarudi. Ng'ombe usimpe majani yake, ni sumu, na usitupe zile mbegu nyeusi kwa mboji, ndege tayari wanazisambaza vya kutosha.

Miti ya matunda usiikate, toa matawi ya chini tu. Tawi kubwa linakatwa mara tatu. Kwanza unakata kutoka chini, kama futi moja kutoka kwa shina, unafika theluthi moja hivi ya unene wake. Halafu unaenda mbele kidogo unakata kutoka juu mpaka lianguke. Kile kipande kimebaki unakikata mwisho, nje kidogo ya pale tawi limevimba likikutana na shina. Ukikata mara moja tu kutoka juu tawi linaanguka likichuna ganda la mti mpaka chini, na hicho kidonda kinaoza. Usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka. Tawi likiwa karibu na waya wa stima usiliguse, waite watu wa stima. Kukata mti mzima, uliza kwa chifu au ofisi ya misitu kabla pawa so haijasikika kijiji kizima.

Sasa sangari, hapa ndio kazi iko. Nilichimbua kiazi kitamu kimoja nikakipata kimetobolewa katikati, mzizi mweupe wenye ncha kama sindano umeingia huku ukatokea kule. Kipande kidogo kama pingili ya kidole kikibaki kinaota. Jembe la kawaida linaikatakata, yaani unaipanda tena. Tumia jembe la meno, inua udongo, tikisa, vuta uzi mzima kwa mkono. Ianike juu ya mabati wiki mbili mpaka ivunjike kama nyasi kavu, kabla ya hapo isikanyage mboji.

Lakini chini ya miti jembe halifai kabisa. Mizizi mingi ya kulisha mti iko futi moja ya juu, na mimi nilichimba karibu na avokado kama mtu anatafuta dhahabu, ikaangusha matunda bado madogo. Hapo kata magugu chini kabisa, tandika katoni ukitoa zile seloteipu, zipandane kama shibiri moja, mwagia maji, juu weka majani makavu kina cha vidole vinne au zaidi. Acha nafasi ya mkono mmoja kuzunguka shina, lisiguswe na unyevu. Sangari itapenya hapa na pale, unapita kila Jumamosi unavuta.

Juu ya katoni mimi niliongeza tithonia, yale maua ya njano machungu ya kando ya barabara, kata majani na vishina laini utandaze, inaoza haraka na ina naitrojeni nyingi. Watafiti hapa Maseno waliishughulikia sana miaka ya 1990, sisi bado tunaipita tukienda kununua mbolea.

Ya kupanda, kama jua halifiki masaa manne sahau mahindi, sukuma pia itakonda tu. Tangawizi na manjano zilinifaa, dania pia, nduma pale maji ya bomba yanamwagika, na osuga (managu) pale pembeni jua la asubuhi linafika. Nilipanda Machi mvua ilipoanza.

Chini ya mikaratusi sikupanda kitu. Inanyonya maji yote na majani yake hayaozi upesi, kwa hivyo nilikata miwili baada ya kuuliza ruhusa, visiki vikichipuka navunja machipukizi yakiwa bado laini, na chini ya ile miwili iliyobaki nikaweka benchi. Kipande cha pili nilimaliza mwaka huu. Cha tatu bado ni lantana, nakingoja Januari.