Kiingereza cha kila siku kwa wanaopokea wageni Kigoma: nahau, vitenzi vyenye mkia na mitego mingine

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia kijana anayeendesha boti kutoka Kibirizi kwenda Gombe. Kiingereza cha shule anacho: anasoma, anaandika, sarufi haimsumbui. Lakini wageni wakianza kuongea wao kwa wao ndani ya boti, anabaki amekodoa macho. Si kwamba wanatumia maneno makubwa. Wanatumia maneno mepesi kabisa, "get", "put", "off", "up", ila wanayaunganisha kwa namna ambayo darasani haikuguswa. Kama uko mapokezi ya nyumba ya wageni, unaongoza watalii au unauza vitenge pale Mwanga na shida yako ni hiyo hiyo, fuata hatua hizi. Unahitaji daftari dogo na simu yenye intaneti.

Hatua ya 1: Futa orodha za nahau

Yale mafaili ya "nahau mia tano za Kiingereza" yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, yafute leo. Karibu kila aliyepita sekondari anaijua "it's raining cats and dogs", lakini ni nadra kuisikia kinywani mwa Mwingereza wa leo. Mvua ya Desemba ikishuka hapa Kigoma, mgeni atasema "it's pouring" na basi. "Kick the bucket" ni mbaya zaidi, kwa sababu ni ya mzaha. Ukimtajia mtu kifo cha baba yake kwa maneno hayo umemkosea adabu. Kifo husemwa "he passed away", na mfiwa huambiwa "I'm so sorry for your loss".

Hakuna aliyejifunza "amekula chumvi nyingi" kutoka kwenye orodha. Ulimsikia mtu mzima akisema hivyo juu ya mzee fulani, ukaelewa kutokana na mazingira. Kiingereza kichukue kwa njia hiyo hiyo: usemi, aliyeusema, aliyeambiwa, na kilichokuwa kikiendelea.

Hatua ya 2: Daftari

Kwa kila usemi andika sentensi nzima uliyoisikia, mahali ulipoisikia, jinsi ilivyosikika kwa tahajia yetu ya Kiswahili, kisha sentensi yako mwenyewe ya kazini. Tafsiri ya neno kwa neno usiiandike. Andika kwa mkono. Programu za simu za kukariri maneno mimi sizipendi, zinakupa neno moja moja lililokatwa kutoka kwenye maneno wenzake.

Hatua ya 3: Vitenzi vyenye mkia

Muda wako mwingi utaishia hapa, kwa hiyo na mimi nitakaa hapa.

Kiswahili hubadili maana kwa kunyambua kitenzi: funga, fungua, fungia, fungana. Kiingereza mara nyingi huchukua kitenzi chepesi na kukitundikia kineno nyuma, na kineno hicho ndicho ninachokiita mkia. "Look" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kulichunguza jambo, "look forward to" ni kulingoja kwa hamu. Ukidaka "look" ukaacha mkia, maana yote imekupita.

Watu wengi hujaribu kumaliza "get" zote, halafu "put" zote. Huko ni kujichosha. Chukua kazi yako, uipitie tangu mwanzo hadi mwisho, ukusanye vitenzi vyake kwa mpangilio wa matukio. Kwa mtu wa boti inakuwa hivi. Unamfuata mgeni hotelini: "We'll pick you up at seven." Kupanda boti ndogo ni "get in", kupanda meli kama MV Liemba ni "get on", kushuka ni "get out" kwenye boti na "get off" kwenye meli. Kuanza safari ni "set off". Upepo ukizidi ziwani, "the wind is picking up", ambayo ni "pick up" ile ile, ila sasa inamaanisha kuongezeka. Mafuta yakikaribia kwisha, "we're running out of fuel". Yakiisha kabisa, "we've run out of fuel". Jioni unamrudisha mgeni alikofikia: "We'll drop you off at your hotel." Mwingereza akisema "I'm going to be sick" wakati mawimbi yanapiga, hazungumzii ugonjwa wa kesho. Anataka kutapika sasa hivi, mpe mfuko. Mmarekani kwa kawaida atasema "throw up".

Sasa tahadhari, na zote nne uzisome.

Ya kwanza inahusu pesa. "The trip has been put off" maana yake safari imeahirishwa. "The trip has been called off" maana yake imefutwa. Ziwa likichafuka ukataka kusogeza safari hadi kesho, halafu ukasema "called off", mgeni atadai hela yake hapo hapo na atakuwa na haki. Taja na siku mpya: "We have to put it off until tomorrow."

Ya pili ni mahali pa kumweka mtu au kitu. Ukitumia jina, unaweza kusema "pick up the guests" au "pick the guests up", zote ni sahihi. Ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "pick them up". Kamwe usiseme "pick up them". Lakini "look after" haikatiki, kwa hiyo ni "look after them" siku zote. Vipi utajua kipi kinakatika? Kwa kukitazama tu huwezi, na usimwamini anayekuambia kuna njia ya mkato. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ya Cambridge ipo mtandaoni bure. Kitafute kitenzi pamoja na mkia wake, kisha angalia palipoandikwa "someone" au "something", ambazo kamusi nyingine hufupisha kuwa "sb" na "sth". Zikiwa katikati ya kitenzi na mkia, kinakatika. Zikiwa nyuma ya mkia, hakikatiki. Ninyi mlio na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, itunzeni, inafaa sana kwa majina ya vitu, ila kwa jambo hili haitakutosha.

Ya tatu ni sikio. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu limezoea kungojea nguvu hapo. Katika "pick it up" nguvu iko mwishoni, kwenye mkia, na maneno matatu yanatoka kama moja: "pikitap". Mmarekani anakwenda mbali zaidi, utasikia "pikidap". "Drop us off" inasikika "dropasof". Ndiyo maana nasisitiza kuandika kwa tahajia yetu kwenye daftari; ukiutazama usemi kwa tahajia ya Kiingereza pekee, utaendelea kungojea maneno matatu ambayo mgeni hayatamki. Soma kwa sauti, na uupige mkia kwa nguvu.

Ya nne: mikia hii ni ya kuongea na ya ujumbe mfupi. Kwenye barua pepe rasmi kwa wakala wa utalii, andika "postpone" na "cancel".

Hatua ya 4: Saa

Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, wao usiku wa manane na adhuhuri. Hilo unalijua. Mtego uko kwenye "half seven". Kwa Mwingereza ni 7:30, yaani saa moja na nusu. Lakini Mjerumani, kwa lugha yake, husema nusu ya saba akimaanisha 6:30, na wapo wanaoihamishia kwenye Kiingereza. Ukisikia "half" yoyote, rudia kwa tarakimu: "Seven thirty in the morning, right?" Kisha iandike na umwonyeshe.

Hatua ya 5: Ndiyo na hapana

Mgeni akiuliza "So there's no boat tomorrow?" na kweli boti hakuna, sisi hujibu "ndiyo, hakuna". Ukisema "yes" tu kwa Kiingereza, ataondoka akiwa hana hakika kama boti ipo au haipo. Jibu "No, there isn't". Na akikuomba ruhusa kwa kusema "Do you mind if I take a picture?", "yes" ni kumkatalia. Kumruhusu ni "Not at all, go ahead".

Vilevile, ukimkaribisha chai akasema "I'm good", hakueleza hali yake. Amekataa kwa adabu.

Hatua ya 6: Kumpokea usiyemjua

Wageni wanaokwenda Ujiji hupenda kutaniana kwa maneno "Dr Livingstone, I presume?", ambayo Stanley aliandika kuwa alimwambia Livingstone walipokutana hapo mwaka 1871. Sentensi hiyo imebaki katika Kiingereza hadi leo kama utani wa kumlaki mtu uliyekuwa ukimtafuta. Wakiitumia, cheka nao. Lakini "I presume" ni nzito kwa maongezi ya kawaida. Ukiwa stesheni ya reli au uwanja wa ndege, sema "Hi, you must be Anna", kwa jina ulilopewa.

Hatua ya 7: Majina ya wanyama

Sokwe ni "chimpanzee", au "chimp" kwa kifupi, na yuko kwenye kundi la "apes". Usimwite "monkey", waliosafiri hadi Gombe kwa ajili yake watakusahihisha. Nyani ni "baboon", nao wamejaa pale ufukweni. Tumbili ndiye "monkey".

Hatua ya 8: Kusikiliza na kuuliza

BBC Learning English wana vipindi vifupi vya "6 Minute English", bure, pamoja na maandishi yake. Pakua ukiwa na Wi-Fi, usimalize bando. Sikiliza kwanza bila maandishi, uandike mikia uliyoidaka, ndipo ufungue maandishi uone iliyokuponyoka. Anayefungua maandishi kwanza anajifunza kusoma, na kusoma tayari anajua.

Usemi mpya ukiusikia kwa mgeni, muulize: "You said 'we'll play it by ear'. When do people say that?" Wengi hufurahi kuulizwa, na watakupa mfano na nusu. Huo, kwa mfano, ni kuamua kulingana na hali itakavyokuwa, na kwa safari za ziwani utauhitaji karibu kila asubuhi. Uliza wakati wa chakula cha mchana mkiwa nchi kavu, si wakati unaelekeza boti kwenye mawimbi.